Doti Haikai Nyumba Mbili

Kwa wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nikupishe uketi. Mimi ni Junaid, mkata tikiti za boti hapa Malindi ya Unguja, umri wangu miaka hamsini na moja. Nina mke mmoja, Muzdalifa, mama wa binti yangu Shadya. Na nina gari, Moris Maina ya kijani, ya mwaka hamsini na tisa, niliyoinunua Kidichi kwa bei isiyofika ya pikipiki mpya.

Namna nilivyoikuta ni hivi. Ilikuwa imelala miaka ishirini ndani ya ghala la karafuu, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Hata leo ukifungua mlango inanukia karafuu.

Mke wangu anajulikana mji mzima. Gari, mpaka Jumamosi iliyopita, ilikuwa ikijulikana na watu watatu tu.

Siri hiyo ina asili yake. Miaka minne nyuma nilinunua Vespa kuukuu, nikaingia nayo mtaroni Darajani mbele ya wauza samaki, nikavunjika bega. Muzdalifa aliniuguza wiki sita, akanivisha na kunilisha kama mtoto. Nilipopona akaniapisha kwamba sitaingiza tena chuma kikuukuu ndani ya nyumba yake. Nikaapa kwa jina la Mungu, na mimi kiapo nakiogopa.

Kwa hiyo Moris haikuingia ndani ya nyumba yake. Niliiweka Mpendae, katika banda lililo nyuma ya nyumba ya Bi Nasima, shangazi yake Makungu, fundi wangu wa gari. Nikajiona mwanachuoni mkubwa.

Bi Nasima ni mjane, umri wake kama wangu, na kazi yake ni kuwapaka wanawake hina na piko. Msomaji mwenye akili ameshaona shimo liko wapi. Mimi sikuliona.

Kila Jumamosi nilimuaga mke wangu kwamba nakwenda kwa rafiki. Makungu ni rafiki, kwa hiyo hata hapo sikusema uongo. Nikifika bandani navua shati, nafuta vioo, nasugua bampa, kisha naketi mbele ya usukani bila ya kwenda popote. Nakiri kwamba hakuna saa katika wiki niliyoipenda kuliko hiyo.

Kuna na jambo jengine, dogo. Makungu alinifundisha kwamba gari ya zamani haikai peke yake, inataka mwenzake wa kuchunwa vipuri. Akanitafutia Moris ya pili huko Tanga, bodi imeoza lakini mashine nzima. Nikakubali. Ingevushwa na boti ya mizigo siku itakapopatikana nafasi. Hilo nalo sikumwambia Muzdalifa, kwa sababu nilikuwa bado sijamwambia la kwanza.

Sasa tuje kwenye kanga.

Kiti cha nyuma kuku walikichakura mpaka springi zikatokeza. Makungu akashauri tukitandike kanga wakati tunamsubiri fundi wa viti. Nikaenda Darajani, nikamwambia mwenye duka anipe yoyote ya kijani. Mwanamke wa Unguja hununua maneno, rangi baadaye. Mimi nilinunua rangi. Maneno niliyasoma nilipofika bandani: NIMETUA KWAKO SIHAMI TENA. Makungu akasema yanaifaa sana gari isiyowaka.

Kanga huuzwa doti, vipande viwili vilivyoungana. Kiti kilitosheka na kipande kimoja, kwa hiyo Makungu akaikata kwa kisu. Cha pili kikabaki mkononi mwangu, kipya, kizuri, bado kina harufu ya duka. Nikamfikiria mke wangu. Nilimfikiria kwa mapenzi, tena mapenzi ya kweli, na hilo ndilo lililoniponza.

Hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua kwamba doti haigawanywi. Mume akimpa mkewe kipande kimoja, swali linalofuata ni kipande cha pili kampa nani. Miaka ishirini na minne ya ndoa, nami sikulifikiria.

Muzdalifa aliikunjua kanga ile jioni, akasoma maneno, uso ukamchanua. Kisha vidole vyake vikaufikia ukingo uliokatwa kwa kisu.

"Mwenzake yuko wapi?"

"Dukani walibakiwa na moja," nikasema.

Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto anayesema paka ndiye aliyekula halua kwa kijiko. Kisha akasema ahsante, akaikunja, akaenda zake jikoni. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imekwisha pale pale, ila mimi nilikuwa nikiendelea kutembea.

Siku tatu mfululizo aliivaa kanga ile. Alinipakulia chakula kwa adabu, akaniuliza kama chumvi imetosha, akaniambia tafadhali nimpishe apite. Mke wa miaka ishirini na minne akianza kukwambia tafadhali, tafuta pa kukimbilia.

Siku ya nne, Jumatano, mdogo wake Muzdalifa, Ulfat, alikwenda kupakwa hina ya kwendea harusi. Nimeyajua haya baadaye, lakini nayaweka hapa ili twende sawa. Alikwenda kwa fundi anayesifiwa na wote, na fundi huyo ni Bi Nasima wa Mpendae.

Asubuhi hiyo Bi Nasima alikuwa ameiona kanga ya kiti imeingia grisi ya mikono ya Makungu. Mwanamke msafi haachi kitu hivyo. Akaifua, akaianika kambani uani.

Ulfat alikuwa ameonyeshwa na dada yake ile nusu ya kwanza tangu Jumatatu. Akaona nusu ya pili inapepea mbele ya macho yake. Akauliza kama mtu asiye na haja, ile kanga nzuri ni ya nani. Bi Nasima naye akajibu kweli tupu, kwamba ni ya Bwana Junaid wa boti, huja hapa kila Jumamosi.

Hina ilikuwa mbichi mikono yote miwili, mpaka vifundoni. Simu imo mkobani, na hawezi kuigusa. Ulfat alikaa saa mbili kainyoosha mikono, anaitazama kanga. Wanasema hina yake ile ilikolea kuliko zote alizowahi kupaka.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana Muzdalifa akaniambia, bila ya kuinua macho, kwamba kesho atakwenda nami Mpendae.

"Mpendae kwa nani?"

"Kwa aliye na mwenzake, Baba Shadya."

Nikajua gari imejulikana. Usiku kucha nikawa napanga namna ya kujitetea juu ya kiapo: kwamba banda si nyumba, kwamba Mpendae si Malindi. Haikunipitikia hata mara moja kwamba mwenzangu, upande wa pili wa kitanda, anafikiria kitu chengine kabisa.

Jumamosi alivaa baibui jipya, akajifukiza udi, akachukua sahani ya halua na kifurushi kidogo. Ndani ya teksi aliipakata sahani. Mimi nilikuwa najiuliza tangu lini gari ikapelekewa halua.

Bi Nasima alitufungulia mwenyewe. Muzdalifa alimpa mkono, wakaulizana hali na za watoto, kama wanavyoulizana watu wenye adabu zao. Kisha akampa sahani, na juu ya sahani kile kifurushi.

"Nimekuletea mwenzake," alisema. "Doti haikai nyumba mbili. Ikiwa moja ishatua kwako, na hii ichukue. Mie sitaki nusu ya kitu."

Sauti yake ilikuwa imara. Nilipolisikia lile neno nusu ndipo nilipofahamu kwamba alidhani nimeoa mke wa pili.

Bi Nasima alikifungua kifurushi. Akaitazama kanga, akanitazama mimi, akamtazama mke wangu. Kisha akaketi pale pale kizingitini, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akamwambia Muzdalifa kwamba yeye akiolewa tena hatoolewa na mwanamme mwenye grisi kwenye kucha. Akamrejeshea kifurushi chake, akamshika mkono.

"Shoga yangu, mwenye kanga yupo bandani. Njoo umwone."

Bandani tuliiona kwanza miguu ya Makungu, mwenyewe yumo chini ya gari. Halafu gari yenyewe. Kijani yake niliisugua Jumamosi nane, na asubuhi ile, nasema kweli, ilikuwa inapendeza. Kanga ilikuwa imesharudishwa juu ya kiti cha nyuma, safi, imenyooshwa.

Muzdalifa aliingia. Akaizunguka gari mara moja. Akakigusa kijikono cha kuonyeshea kona, kile kinachochomoza ubavuni, ambacho magari ya siku hizi hayana. Akafungua mlango wa nyuma, akaketi juu ya kanga.

"Kumbe mke mwenzangu ndiye huyu."

"Ndiye," nikajibu.

Nilidhani atacheka, au atanikumbusha kiapo. Akalia. Bi Nasima akageukia ukutani, na ile miguu ya Makungu ikatulia kabisa.

"Siku nne sijalala, Junaid," alisema, na yeye huniita jina langu mara moja kwa mwaka. "Nnajiuliza nimekukosea nini. Nnasema labda nimezeeka, labda maneno yangu, labda chakula. Kiapo umekizunguka, hayo yako na Mola wako. Lakini ulinitazama usoni ukanambia dukani walibakiwa na moja. Hilo ndilo lililoniuma."

Niliona haya ambazo sikupata kuziona hata nilipotolewa mtaroni mbele ya wauza samaki. Nilichutama kwenye mchanga wa banda nikamwomba msamaha. Nikamwambia kweli, kwamba nilikuwa naogopa kuonekana mjinga kwa mara ya pili mbele ya mtu ninayempenda. Hilo nalisema hapa gazetini vilevile, lisomwe na anayetaka kulisoma.

Akafuta macho kwa ncha ya baibui. Akaniambia amenisamehe. Kisha akaniuliza, na akasema anauliza mara moja tu, na jibu nitakalompa ndilo atakalokaa nalo.

"Kuna jengine ulilonificha?"

Chini ya gari Makungu akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi.

Hapa ndipo ninapokupa ruhusa, msomaji, unitukane utakavyo. Mke wangu alikuwa ameanza kutabasamu kwa mara ya kwanza wiki nzima, mkono wake unaipapasa kanga. Nikaifikiria Moris ya Tanga. Nikasema haijafika, na huenda isifike. Nikasema nitamwambia kesho, taratibu, baada ya chakula kizuri.

"Hakuna," nikasema.

"Basi washa."

Makungu akatoka chini ya gari, akanishika mkono, akanivutia pembeni. Akaninong'oneza kwamba ana neno nami, na neno lenyewe ni la leo. Nikamwambia Jumatatu. Akasema Jumatatu litakuwa limeshapita. Nikafunga mlango.

Tangu niinunue, gari ile haikuwa imewahi kuwaka kwa kuguswa mara moja. Siku hiyo niligusa tu, ikawaka. Nikaichukua kuwa ni dalili njema.

Muzdalifa alikataa kukaa mbele. Alisema kanga ni yake na mahali pake ni pale. Tukatoka Mpendae pole pole, Bi Nasima anatupungia mkono, Makungu kasimama kando ameshika kichwa. Nilidhani anaihofia giaboksi.

Tulipofika Amani kijikono cha kulia kikachomoza chenyewe, kikagoma kurudi. Kutoka hapo mpaka Michenzani kila dereva alitusubiri tupinde kulia, nasi hatupindi. Muzdalifa akatoa mkono dirishani, akakipiga kofi, kikarudi ndani. Kikachomoza tena, akakipiga tena. Alicheka mpaka ushungi ukamvuka. Wazee waliokuwa barazani waliinuka kututazama, na mmoja akaweka mkono kifuani mwake kunisalimia kana kwamba nimempitishia ujana wake. Niseme nini? Katika Unguja nzima saa ile hapakuwa na mwanamme mwenye raha kuliko mimi.

Darajani akaniambia nipite Malindi, bandarini. Nikamwambia leo sina zamu.

"Kaka Khatib anateremka na boti ya Pemba saa saba," alisema. "Nilimpigia simu Alkhamisi, aje anichukue."

Khatib ni kaka yake mkubwa, mkulima wa Wete, mtu anayeiogopa bahari. Alikuwa hajavuka miaka tisa. Mimi ninayekata tikiti za boti, shemeji yangu kavuka maji na mimi sina habari.

Muzdalifa akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba sanduku lake alishalifunga, liko chini ya kitanda chetu. Siku tatu nililala juu yake. Mikono ikaniganda kwenye usukani. Akasema sasa hana haja nalo, ila mimi ndiye nitakayemweleza kaka yake, kwa sababu anataka kunisikia nikisema kweli mbele ya mtu.

Khatib alitoka langoni amekunja uso, mkoba mkononi, rangi imempotea kwa kutapika. Nikampa shikamoo. Akaitika marahaba bila ya kunitazama.

Nikamweleza yote. Vespa, kiapo, Kidichi, kuku, kanga, hina ya Ulfat. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaikagua gari, akachungulia kiti cha nyuma.

"Kwa hivyo nimetapika bahari nzima kwa ajili ya kiti cha kuku," alisema.

Muzdalifa ndiye aliyeanza kucheka. Khatib akamfuata, kidogo kidogo, kisha kicheko chote. Akatia mkoba wake nyuma kwenye buti, akanipiga bega, lile lililovunjika. Akaniuliza kama sasa ndio basi, hakuna tena la kufichuka.

"Hakuna, shemeji," nikasema.

Mara ya pili ile ilinitoka kwa wepesi kuliko ya kwanza. Nilikuwa nimeshaushika mlango ili nimfungulie.

"Bwana Junaid."

Alikuwa Wakil, msimamizi wa wachukuzi, mtu tuliyefanya kazi pamoja miaka mingi. Ana moyo mzuri na sauti kubwa. Mkononi ana karatasi ya mzigo, yenye mwandiko wa Makungu.

"Umefanya vyema kuja mwenyewe," alisema. "Mwenzake kashashuka. Tuipeleke Mpendae au nyumbani?"

Nyuma yake wachukuzi wanane walikuwa wanaisukuma Moris Maina nyeupe, haina milango, paa limeliwa na kutu. Kiooni imeandikwa kwa chaki, herufi kubwa, JUNAID MALINDI. Kijikono chake cha kulia kilikuwa kimechomoza, kinatuelekea sisi.

La kuvunda halina ubani. Nikageuka.

Muzdalifa alikuwa ameshateremka. Aliitazama ile nyeupe, akaitazama ya kijani, akanitazama mimi. Hakukasirika. Ningependa sana angekasirika.

"Na hizi," aliuliza, "dukani walibakiwa na mbili?"

Wachukuzi wakaacha kusukuma. Khatib akalifungua buti, akautoa mkoba wake, akauweka chini baina yetu. Akasema boti inageuza Pemba saa kumi, na dada yake akitaka, upo wakati wa kupita nyumbani kulichukua lile sanduku.

Muzdalifa aliinama ndani ya gari, akaivuta ile kanga kitini. Akaifungua na ile ya kwenye kifurushi, akaziweka pamoja juu ya mkono wake wa kushoto, ukingo kwa ukingo, mpaka doti ikawa nzima.

Kisha akaninyooshea mkono wa kulia, kiganja juu. Funguo zilikuwa katika mkono wangu, na sikujua kama anachotaka ni funguo, aende akalichukue sanduku, au ni mkono wangu.